Mwongozo kamili: jinsi ya kuendesha semina ya walimu wa historia ili vipindi vyao vipunguze ubaguzi darasani

Nimeandika hii kwa sababu swali linalonifikia ni lilelile kila mara. Watu wanaandaa semina, walimu wanakuja, wanasikiliza mada kuhusu upendo na kuvumiliana, wanapiga picha ya pamoja, wanarudi shuleni na kipindi cha historia kinaendelea kama jana, na mtoto wa kabila fulani au dini fulani au rangi fulani anaendelea kuitwa jina lilelile wakati wa mapumziko. Alafu mwandaaji anauliza, tumekosea wapi?

Mnakosea sehemu moja kubwa. Mnawafundisha walimu kuupinga ubaguzi, kitu ambacho wengi wanakifanya tayari kwa mdomo, na hamuwafundishi la kufanya pale sentensi ya kibaguzi ikishatamkwa darasani. Ubaguzi unatembea kwenye sentensi fupi tu: "wale ni wavivu", "wale sio wa hapa", "wale hawaaminiki". Somo la historia lina zana za kuichukua sentensi kama hiyo na kuiuliza ilizaliwa wapi, nani aliitamka, aliona nini kwa macho yake, na nani alinufaika ilipoaminika. Mimi naita kufuatilia safari ya sentensi, na mwongozo mzima umesimama hapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaita mtu

- Walimu 16 mpaka 24. Wakizidi hapo hutaweza kumuona kila mmoja akifundisha. Na waje wawiliwawili kutoka shule moja, mwalimu aliyeenda peke yake akirudi shuleni hana wa kumuunga mkono na baada ya wiki mbili anaacha.
- Siku 3 mfululizo, na nusu siku nyingine ya kukutana tena baada ya wiki 4 hadi 6. Hiyo nusu siku sio ya hiari. Kama bajeti haitoshi punguza mambo mengine, usiiguse nusu siku.
- Wawezeshaji wawili wanaotoka makundi tofauti kwenye jamii husika, kundi moja lisione linafundishwa tabia na kundi lingine.
- Fotokopi za vyanzo, angalau vitatu kwa kila kisa utakachotumia, vikiwemo vinavyopingana.
- Kadi tupu kama 200, maka peni, gundi ya karatasi na ukuta mtupu mrefu.
- Projekta ukiwa nayo sawa, usipokua nayo hujapoteza kitu.
- Barua ya ridhaa kutoka kwa wakuu wa shule, ikisema wazi kwamba mwalimu ataruhusiwa kufundisha vipindi vitatu kwa njia hii na mwenzake ataingia kumwangalia.
- Mtu mmoja mwenye ujuzi wa ushauri nasaha, awepo au apatikane kwa simu. Visa hivi vinagusa majeraha ya watu, na baadhi ya majeraha yako ndani ya chumba hichohicho.

## Hatua ya 1: Andika lengo kama kitendo kinachoonekana

"Walimu wajenge uelewa kuhusu ubaguzi" sio lengo, huwezi kuliona kwa macho. Andika hivi: "Mwanafunzi akitamka dhana ya kibaguzi, mwalimu ataweza kuigeuza kua swali la kihistoria ndani ya kipindi hichohicho bila kumuaibisha aliyesema wala kumuacha aliyesemwa bila ulinzi."

Sababu ya kua mkali hapa ni kwamba lengo ndo litakuambia nini ukiondoe kwenye ratiba. Mada ya saa mbili kuhusu mikataba ya kimataifa inamsaidiaje mwalimu kufanya kitendo hicho? Haimsaidii, basi iondoe.

Utajua umefaulu ukiweza kumsomea lengo mwalimu mmoja usiyemfahamu na akakuambia kwa maneno yake atafanya nini darasani.

## Hatua ya 2: Anza na sentensi za walimu wenyewe

Hii ndo hatua inayorukwa sana, watu wanaogopa kuwakera walimu. Lakini mwalimu ambaye hajawahi kukaa na sentensi yake mwenyewe ataenda kuwahubiria watoto, na watoto wananusa haraka sana kwamba huyu anayetuhubiria naye ana yake.

Mpe kila mmoja kadi. Aandike sentensi moja aliyoisikia utotoni kuhusu kundi lingine la watu, chini yake aandike alimsikia nani, na chini zaidi aandike huyo mtu alikua na ushahidi gani. Dakika 10, kimya. Wengi wakifika mstari wa tatu kalamu inasimama, na hapo kazi imeshaanza kufanyika yenyewe.

Onyo: kadi hazisomwi kwa sauti na hazikusanywi. Kila mtu anabaki na yake mfukoni mpaka siku ya mwisho. Ukimlazimisha mtu asome mbele za watu atadanganya, au mbaya zaidi atasoma sentensi inayomhusu mtu aliyekaa jirani yake.

Baada ya hapo wasimulie jaribio la Henri Tajfel, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Bristol, Uingereza. Matokeo yake yalitoka mwaka 1970. Alichukua wavulana wa shule wa miaka 14 na 15 akawagawa kwa vitu vya ovyo kabisa, mfano nani kakisia idadi ya nukta juu zaidi au nani kapenda michoro ya msanii fulani. Hawakujua nani mwingine yuko kundi lao na hawakua na ugomvi wowote. Walipopewa nafasi ya kugawa vijisenti kwa wengine wakawapendelea wa kundi lao, na mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo ilimradi pengo na kundi la pili liwe kubwa.

Kisa hiki kinampumzisha mwalimu. Anaelewa kupendelea kundi lake sio ugonjwa wa watu wabaya fulani, ni kitu kinachoamka haraka kwa mtu yeyote, kwa hiyo anaweza kukiangalia kwake bila kujiona mhalifu. Ila malizia na upande wa pili: mwelekeo huo peke yake haujengi vizuizi barabarani wala kutunga sheria. Hizo zinatengenezwa na watu, na hapo ndo historia inaingia.

Umefaulu kama chumba kimetulia na mtu mmoja au wawili wakati wa chai wanakusogelea kukuambia kuhusu kadi yao bila kuombwa.

## Hatua ya 3: Chagua kisa kimoja chenye nyaraka, na kianzie mbali

Walimu wengi wanataka kuanza na mgogoro wa hapo walipo, nia ni njema lakini hasira inakuja kabla ya ustadi. Anza na kisa cha mbali kidogo kwa muda au kwa mahali, wajifunze zana, alafu siku ya tatu warudi nyumbani na zana mkononi.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale yaliyoko nchi ya Zimbabwe ya leo, hebu nikipitie chote maana kinaonyesha kila kitu unachohitaji.

Kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, sehemu nyingine zinafika mita 11 kwenda juu, zilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 15 na mababu wa Washona. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika pale. Akakata kipande cha mbao ya mlangoni, akaona inafanana na mbao ya penseli yake, akahitimisha ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba jengo linahusiana na Malkia wa Sheba. Kwa mbao ya penseli! Mwaka 1891 akaja Theodore Bent, safari yake ikiungwa mkono na Cecil Rhodes, tajiri Mwingereza aliyeongoza ukoloni wa eneo hilo, naye akasema wajenzi ni watu wa kale kutoka nje ya Afrika. Kuanzia 1902 Richard Hall aliyekabidhiwa kutunza eneo akachimba na kutupa matabaka ya udongo akiona ni uchafu wa Waafrika waliokuja baadaye, yaani alitupa ushahidi wenyewe akiutafuta ushahidi.

Mwaka 1905 David Randall-MacIver akachimba kwa utaratibu akasema hii ni kazi ya Waafrika wa eneo hilohilo. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akachimba tena, akafika hapohapo. Je serikali ya walowezi wa Kizungu ilikubali? Iliendelea kushinikiza hadithi ya wageni kwa miongo mingine, mpaka mwanaakiolojia Peter Garlake akaondoka nchini mwaka 1970 kwa sababu ya mvutano huo. Nchi ilipopata uhuru 1980 ikachukua jina la zile kuta.

Sasa wape walimu maelezo ya Mauch, ya Hall na ya Caton-Thompson kwenye karatasi tatu tofauti, bila kuwaambia nani alikua sahihi. Waache wabishane dakika 30. Usisaidie.

Vigezo vya kuchagua kisa kingine ukitaka: kiwe na vyanzo vinavyopingana, kiwe na mtu aliyenufaika na uongo, na kiwe na mtu aliyepinga wakati uleule. Kisa kisicho na hicho cha tatu kinawaachia wanafunzi wazo kwamba "zamani wote walifikiri hivo", na hilo sio kweli karibu mahali popote.

## Hatua ya 4: Fundisha maswali matano ya safari ya sentensi

Yaandike ukutani makubwa na yabaki pale siku zote tatu:

1. Nani alisema kwanza, na lini?
2. Aliona nini kwa macho yake, na nini alikisia?
3. Nani alirudia, na kwa nini iliwafaa kurudia?
4. Ilibadilisha nini kwenye maisha ya watu: sheria, ardhi, kazi, shule?
5. Nani alipinga, na sauti yake ilienda wapi?

Alafu wape zoezi linalowaonyesha kwamba hii sio michezo ya kitaaluma.

Mwaka 1863 kilichapishwa kitabu cha John Hanning Speke, msafiri Mwingereza, kuhusu safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile. Humo alidai watawala wa falme za maziwa makuu waliofuga ng'ombe ni watu waliotoka upande wa Ethiopia, jamii "bora" iliyowatawala wengine. Swali la pili: aliona nini? Aliona sura za watu na ng'ombe, na hakuwahi kukanyaga Rwanda. Swali la tatu: nani alirudia? Wamisionari na watawala wa kikoloni, kwa sababu iliwarahisishia kutawala kupitia kundi moja. Swali la nne: ilibadilisha nini? Miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye kitambulisho cha kila mtu, Mhutu, Mtutsi au Mtwa, kitu ambacho awali kiliweza kubadilika kikawa muhuri wa maisha. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera akahutubia mkutano akisema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Na Aprili 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, vitambulisho vilevile vikaulizwa, na ndani ya siku kama 100 wakauawa watu wanaokadiriwa kufika laki nane au zaidi.

Soma tena taratibu. Makisio ya msafiri wa 1863 yakatembea zaidi ya karne moja yakaja kua maelekezo ya kutupa maiti mtoni. Mimi kila nikiifundisha hii nanyamaza dakika nzima baada ya tarehe ya mwisho, na nawashauri na nyie mnyamaze, usikimbilie kuuliza "tumejifunza nini".

Onyo: usiwaache walimu na mstari ulionyooka kama vile Speke ndo alisababisha mauaji. Katikati kuna watu waliochagua. Serikali zilichagua, vyama vilichagua, redio ya RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha 1993 na kueneza chuki dhidi ya Watutsi, ilichagua kila siku. Bila kusisitiza hilo, wanafunzi watasema "basi ilikua lazima itokee".

## Hatua ya 5: Panga ngazi ukutani

Hapa zile kadi 200 zinafanya kazi. Chukua Ujerumani ya Wanazi maana tarehe zake ziko wazi na nyaraka zake ni nyingi. Kila kadi tukio moja: Aprili 1933 kususia maduka ya Wayahudi, mwezi huohuo sheria ya kuwatoa kwenye utumishi wa umma, Septemba 1935 sheria za Nuremberg za kuwanyima uraia na kukataza ndoa, Novemba 1938 usiku wa kuvunja maduka na kuchoma masinagogi, Septemba 1941 amri ya kuvaa nyota ya manjano, Januari 1942 mkutano wa Wannsee wa kuratibu mauaji ya halaiki. Mwisho wake Wayahudi milioni 6 waliuawa.

Walimu wabandike kadi kwa mpangilio, alafu chini ya kila moja waandike: wakati huu jirani wa kawaida angeweza kufanya nini, mwalimu angeweza kufanya nini, na gharama yake ingekua ipi. Utaona waziwazi kwamba 1933 gharama ilikua ndogo na vitu vya kufanya vilikua vingi, na kadiri unavyosogea kulia hali inageuka.

Alafu weka kadi za rangi nyingine za watu waliokataa. Oktoba 1943 raia wa Denmark waliwavusha Wayahudi zaidi ya 7,000 kwa boti mpaka Sweden. Na hii inawagusa wanafunzi kuliko zote: Machi 1997 washambuliaji waliingia shule ya sekondari Nyange, Rwanda, wakaamuru wanafunzi wajitenge Wahutu huku Watutsi kule, na wanafunzi wakakataa kujitenga. Baadhi waliuawa. Walikua wa umri wa hao mnaowafundisha.

Sababu ya kadi hizi sio kulipamba somo. Mtoto akioneshwa wauaji na wahanga tu anatoka na hofu au aibu, na vyote viwili vinamfanya ajifungie. Akioneshwa na waliokataa anapata mtu wa kujifananisha naye.

## Hatua ya 6: Kataza haya manne, na eleza kwa nini

Semina nzuri inaweza kuharibiwa na mwalimu mmoja mwenye shauku akirudi kufanya "zoezi la nguvu". Kua mkali.

Kuigiza mateso. Hakuna mnada wa watumwa darasani, hakuna kambi, hakuna kuwafunga watoto kamba. Wengine watakuja na mfano wa Jane Elliott, mwalimu wa Riceville, Iowa, ambaye Aprili 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, aligawa darasa lake la tatu kwa rangi ya macho na kulitendea kundi moja vibaya. Ni kisa maarufu na kina mafunzo, wasimulieni wanafunzi, lakini msikirudie. Watoto waliumia kweli ndani ya saa chache, na mwalimu wa kawaida hana uwezo wa kurudisha kilichovunjika kengele ikishagonga. Isitoshe mtoto ambaye mababu zake walipitia hayo kweli anageuzwa kua maonyesho.

Picha za maiti. Mwili wa mtu sio nyenzo ya kufundishia. Tumia kitambulisho, tangazo, barua, orodha ya majina. Vitu hivyo vinafikirisha zaidi na vinamwachia marehemu heshima yake.

Kumfanya mtoto mmoja awe msemaji wa kundi lake. "Wewe ndo Mwislamu hapa, hebu tuambie..." Hapana. Ni somo la historia, sio mahojiano.

Kupigia kura kisichopigiwa kura. Kubishana kama mauaji ya kimbari yalitokea au hayakutokea sio mdahalo. Mdahalo halali ni kwa nini yalitokea, nani alijua, nani angeweza kuzuia.

## Hatua ya 7: Wakalishe watu kwa namna inayofanya kazi yenyewe

Hii naipita haraka lakini msiidharau. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika kwamba watu wa makundi tofauti kukutana tu hakutoshi, chuki inapungua vizuri pale wanapokua na hadhi sawa ndani ya shughuli, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na wenye mamlaka wanaounga mkono. Mwaka 1971 mwanasaikolojia mwingine, Elliot Aronson, alikua Austin, Texas, ambako shule zilikua zimeanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wa asili ya Mexico na ugomvi ukawa mwingi. Akaligawa somo vipande, kila mtoto kwenye kikundi anapewa kipande kimoja anachokijua yeye tu, na wenzake hawawezi kufaulu bila kumsikiliza.

Fanya hivohivo kwenye semina. Vyanzo vitano, vikundi vya watu watano, kila mtu chanzo chake. Wenye chanzo kimoja wanakutana kwanza dakika 15 kukielewa, wanarudi kwenye vikundi vyao kufundishana, mwisho kikundi kinajibu maswali matano ya ukutani. Wewe ndo unapanga vikundi, usiwaache wajichague.

Umefaulu ukipita katikati na kukuta mtu anamwambia mwenzake "hebu rudia hapo", na sio mtu mmoja anaongea wanne wanachezea simu.

## Hatua ya 8: Kila mwalimu afundishe mbele ya wenzake

Kama ni kusoma hatua moja tu ya mwongozo huu soma hii. Semina niliyoiona ikifeli vibaya kuliko zote ilikua na mada bora, watoa mada bora, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyesimama kufundisha. Nilipowatembelea baadaye mmoja akaniambia ukweli: "Nilielewa kila kitu, ila mtoto aliponiuliza nikaganda."

Asubuhi yote ya siku ya tatu ni ya hili. Kila mwalimu dakika 15, walimu 24 wagawe vyumba viwili. Wenzake wanakua wanafunzi, na mmoja wao unampa kadi ya siri yenye sentensi ngumu ya kutamka katikati ya somo. Mfano: "Mwalimu, nyumbani wanasema hao watu ndo walivyo tangu zamani, sasa wewe unabisha?"

Majibu yatakayotoka mwanzoni ni ya aina mbili. La kwanza: "Acha, hayo maneno ni mabaya, kaa chini." Mtoto anakaa chini, sentensi inabaki imesimama, na sasa ina utamu wa kitu kilichokatazwa. La pili: "Haya tuendelee." Hilo ni baya zaidi, aliyesemwa amesikia kwamba mwalimu amekubali.

Fundisha jibu la mwendo huu:

Kwanza lipokee kama dai, sio kama mtu. "Umeleta dai, na hapa madai yote tunayapima." Hujamtukana mzazi wake, na hilo ni muhimu, ukimgombanisha mtoto na nyumbani kwao nyumbani ndo kunashinda.

Pili linda. "Kabla hatujapima, tukubaliane hakuna mtu humu anayejibu kwa niaba ya kundi lolote."

Tatu rudi ukutani. "Umesema tangu zamani. Zamani ipi? Nani wa kwanza kuandika hivo, na alikua anataka nini?"

Nne usifunge kwa ushindi. "Leo tumeona dai limesimama juu ya makisio ya mtu mmoja. Mwenye ushahidi mwingine alete kipindi kijacho tuupime." Na akileta kweli, pimeni kweli.

Tofautisha na hali nyingine kabisa, pale mtoto anapomtukana mwenzake aliyepo darasani. Hapo hakuna safari ya sentensi. Unasimamisha palepale, unasema wazi hilo haliruhusiwi, unahakikisha aliyetukanwa yuko salama, na unaongea na aliyetukana baadaye, pembeni. Walimu wengi wanachanganya hizi mbili, kwa hiyo kwenye kadi za siri weka zote ili wajifunze kuamua haraka.

Mrejesho baada ya kila somo uwe maswali mawili tu kwa waliokua wanafunzi: ulijisikiaje pale sentensi ilipotamkwa, na ulibaki na swali gani. Usiruhusu sifa za jumla kama "umefundisha vizuri", hazimsaidii mtu. Aliyeganda arudie palepale, mara ya pili huwa tofauti kabisa.

Mchana ndo muda wa kuleta kisa cha nyumbani. Kila jozi inachagua sentensi moja inayozunguka kwenye shule yao, inaandika andalio la somo kwa maswali yaleyale matano, na inaorodhesha vyanzo itakavyovitafuta: magazeti ya zamani, kumbukumbu za mahakama, wazee watakaohojiwa kutoka zaidi ya upande mmoja. Jozi isiyopata chanzo chochote cha upande wa pili isifundishe hicho kisa bado.

## Hatua ya 9: Wafuate mpaka darasani

Wakati wa kuondoka kila jozi iandike tarehe za vipindi vitatu na nani atamwangalia nani. Anayeangalia anahesabu vitu viwili: maswali mangapi ya "tunajuaje?" yametoka kwa wanafunzi, na ni wanafunzi wangapi tofauti wameongea. Ni hesabu rahisi, haihitaji fomu ndefu.

Kwa wanafunzi, kabla ya kipindi cha kwanza na baada ya cha tatu wape kipande cha karatasi bila jina: "Andika kitu kimoja watu wanachosema kuhusu kundi fulani, na unajuaje kama ni kweli." Usitafute majibu matamu ya mara ya pili, watoto wanajua mwalimu anataka kusikia nini. Tafuta mstari wa pili unavyobadilika. Kutoka "kila mtu anajua" kwenda "niliambiwa na fulani ila sijaona" ni mabadiliko ya kweli.

Onyo: wazazi au viongozi wanaweza kuja juu, hasa kwenye kisa cha nyumbani. Mwalimu awe na andalio na vyanzo vyake kwenye faili, na mkuu wa shule awe ameshaviona kabla. Ile barua ya ridhaa ndo inafanya kazi hapa.

Kwenye ile nusu siku ya kukutana tena usilete mada mpya. Jozi zilete karatasi za wanafunzi na hesabu zao, zisimulie kipindi kilichokwama, na kundi zima lifanye mazoezi ya hapo palipokwama, mtu akisimama na kufundisha tena. Dakika 20 za mwisho kila mmoja atoe ile kadi yake ya siku ya kwanza, asome mstari wa tatu peke yake, na kama anataka aujaze.